Arobaini ya Mama Hodan

Waliokuwepo siku hiyo nawataja wote, ili asije akatokea mtu akajifanya anaijua habari hii kuliko mimi niliyeaibika nayo. Nilikuwepo mimi Jenoveva, mdogo wangu Leonsia, jirani yetu Mama Sespina ambaye koo lake linaweza kulia misiba miwili kwa siku moja bila kukauka, na Mzee Bonifasi, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuzikana. Hao ni upande wa tuliokwenda. Upande wa waliokuwa kwao alikuwepo Baba Hodan, Msomali mwenye duka la matairi ya maroli, mama yake mzazi ambaye mtaa mzima unamwita Ayeyo (ndiyo bibi kwa Kisomali), binti yao Hodan wa miaka tisa, na wanawake wa Kisomali kama sita ambao majina yao sikuyajua na sina uso wa kwenda kuyauliza. Na Mama Hodan, marehemu, naye alikuwepo, amevaa vizuri kuliko sisi sote.

Sisi tunaishi Kasulo, Ngara, karibu na njia panda ambapo maroli ya Rwanda na ya Burundi yanaachana. Mimi ni mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba alitangulia, kisha mama, na mama alipokufa nilikuwa kidato cha kwanza, nikavua sketi ya shule nikashika jembe, ndiyo imekuwa hivyo miaka kumi na moja sasa. Katika msiba wa mama, siku ya pili, aliingia mwanamke mgeni mtaani, bibi harusi mpya wa mwenye duka la matairi, Kiswahili chake cha kuokoteza, na chupa kubwa ya chai ya maziwa yenye iliki na mdalasini. Akaketi chini pamoja nasi. Siku tatu alikuja na chupa hiyo kila asubuhi, na nilipojaribu kumshukuru akanikatiza: "Abaayo," (maana yake dada) "chai ni ya kunywa, si ya kushukuru." Ndugu wa baba walikula matanga wakaondoka. Yeye hakuondoka. Kwa hiyo mkinisikia nasema huyo mwanamke ndiye mtu mzima pekee niliyebaki naye hapa Kasulo, msidhani natia chumvi, na mjue nilikwenda kumpoteza kwa miguu yangu mwenyewe.

Mwaka huu, maharage yalipokomaa, mimi na Leonsia tulikwenda Bukiriro kwa bibi mzaa mama kuvuna, tukakaa mwezi na nusu. Nilipoondoka Mama Hodan alikuwa na ujauzito mkubwa, anatembea ameshika kiuno. Tukarudi Ijumaa. Jumamosi asubuhi akaja Hodan kuchukua ndizi mbivu (wenyewe hula wali na ndizi mbivu pembeni, mimi ndiye ninayewapa siku zote), akasimama mlangoni, macho chini, akasema kwa sauti ndogo:

"Shikamoo shangazi Jeni. Ayeyo amesema kesho ni arobaini ya mama. Amesema ujiandae."

Kwetu Wakatoliki wa huku arobaini ninayoijua ni moja tu, ya mtu aliyekwisha zikwa. Nikajumlisha: mimba ile, mwezi na nusu, mtoto ametumwa na bibi badala ya mama, hataki kuniangalia usoni. (Baadaye sana ndipo nilipoambiwa kwamba mtoto wa Kisomali aliyelelewa vizuri hamkodolei macho mtu mzima anapozungumza naye. Kuinamisha macho ni adabu. Mimi niliona yatima.)

Hapa ndipo penye uamuzi wangu mdogo, nao ulikuwa huu tu: sikuuliza. Ningesema, "Hodan, mama yuko wapi?" habari ingeishia pale mlangoni. Lakini mimi nimewahi kuwa mtoto wa marehemu. Nakumbuka watu waliokuwa wakinisimamisha sokoni, "Eti mama yako alikufaje?" na mimi nasimama na kikapu changu nawaeleza, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikaanza kupita njia ya nyuma. Niliapa sitamfanyia mtoto yeyote hivyo. Basi nikapiga magoti, nikamkumbatia Hodan, nikamwambia, "Usilie mwanangu, mimi nipo." Mtoto akabaki mkavu kama ufagio. Akachukua ndizi zake akaondoka mbio.

Simu nilikuwa nayo, ndiyo, na namba ya Mama Hodan nilikuwa nayo. Nani anampigia simu marehemu?

Nikaenda kwa Mama Sespina. Naye alikuwa shambani Nyantakara kwa mwanawe karibu mwezi wote, hakujua chochote, lakini Mama Sespina hajawahi kukubali kwamba kuna msiba umempita. "Ndiyo maana!" akasema. "Ndiyo maana duka limefungwa tangu jana! Na mimi nilimwota!" Mzee Bonifasi alipoambiwa akakasirika kabisa. "Siku arobaini mtu amelala kaburini na kikundi hatuna habari? Aibu hii ni yetu. Waislamu wanazika haraka, lakini arobaini hatutakosa." Nikafunga nyumba yangu, nikamwaga moto wa jikoni kwa maji, wadogo zangu wawili nikawapeleka kwa jirani, na Jumapili baada ya misa tukaondoka na sufuria kubwa ya kikundi, mzigo wa kuni, debe la maharage, na dumu moja la pombe ya ndizi, ambalo nilimsihi Mzee Bonifasi alirudishe. Akasema, "Msiba haupelekewi mikono mitupu." Nikasema, "Wale ni Waislamu, mzee." Akasema basi ataliacha nje ya geti, atakayelitaka atalifuata.

Tulipokaribia, Mama Sespina akafungua kilio. Kwetu mtu akilia humwita mama yake, na mama yangu kwa lugha ya nyumbani ni *mawe*. Yeye akaanza, Leonsia akapokea, na mimi nikapokea kwa Leonsia, tunashuka na ile barabara ya vumbi huku tumeshika vichwa: "Mawe! Mawe wee! Mawe!"

Sasa wewe jiweke ndani ya ukuta ule. Wewe ni Msomali, umetoka mbali, jirani zako wengi dini yao nyingine na lugha yao nyingine, unachojua ni Kiswahili. Na unasikia watu wanakuja getini kwako wanapiga kelele mawe, mawe.

Tulisikia viti vikianguka. Tulisikia komeo likipigwa, *kwaa*, na sauti ya Ayeyo ikiwaita watoto. Mimi nikaliona geti limefungwa usoni petu nikadhani wametukasirikia kwa kuchelewa siku arobaini. Hapo ndipo nilipovunjika kweli. Nikalishika lile geti la bati kwa mikono miwili nikalia na kusema, na haya ndiyo maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nikiwa nalima nasimamisha jembe:

"Mama Hodan wee! Umeondoka na chai yako! Miaka kumi na moja nakunywa chai yako na wewe hujanywa hata maji kwangu! Nilikuwa nikikuona unapita najificha nisije nikakwambia karibu, kwa sababu ya sakafu yangu ya udongo! Nilikuwa nangoja nipige saruji kwanza, mama, nipige saruji ndipo nikuite! Ungekuja ningekupikia! Ungekuja hivyo hivyo ningekupikia!"

Geti likafunguka kiasi cha jicho moja, na jicho lilikuwa la Baba Hodan.

"Jeni?" akasema. "Jeni ni wewe? Mawe ya nini? Tumekosa nini?"

"Pole, shemeji," nikamwambia. "Pole kwa mama."

"Mama gani?"

Mzee Bonifasi alikuwa ameshajipenyeza. Kwetu pole haisemwi bila mkono, akamwendea Ayeyo, akamnyooshea mikono yote miwili, na yule bibi akaifunga yake ndani ya mtandio akarudi nyuma hatua moja (mwanamume asiye ndugu hampi mkono, hata angekuwa mwenyekiti). Mzee akaelewa kwamba bibi amelemewa na uchungu. Akamfuata. Bibi akarudi nyuma tena. Wakawa wanazunguka meza namna hiyo, mmoja anafariji na mwingine anakimbia faraja, na juu ya meza ile kulikuwa na halwa, sambusa, sinia za wali, na mimi nazitazama huku nawaza, jamani, hawa arobaini yao ina vyakula.

Ndipo mlango wa ndani ukafunguka, ukatoka moshi wa ubani, na nyuma ya moshi akatoka Mama Hodan. Gauni la rangi ya machungwa, hina mpaka kwenye kiwiko, dhahabu sikioni, na mtoto mchanga mkononi.

Mama Sespina aliiachia sufuria ya kikundi. Ilianguka juu ya sakafu ya vigae, ikazunguka, ikazunguka, hakuna aliyethubutu kuizuia. "Yesu na Maria," akasema, akakaa chini pale pale juu ya debe la maharage.

Hodan, maskini, ndiye aliyetufasiria. Mama wa Kisomali akijifungua hukaa ndani siku arobaini, hatoki, hapiki, analishwa na kupakwa mafuta, na siku ya arobaini anapambwa, anafukizwa, watu wanakula, kisha anatolewa na mtoto wake kwa mara ya kwanza. Hiyo ndiyo arobaini yao. Na mimi nilikuwa nimeiletea kilio hadi mlangoni, mbele ya mtoto mchanga.

Ayeyo alisema maneno mengi kwa Kisomali, hayakuhitaji mkalimani. Wale wanawake sita walitutazama kama unavyomtazama mbuzi aliyeingia kanisani. Mama Sespina akataka kutuokoa, akamsogelea mtoto, akasema kwa upendo wote, "Jamani, kazuri! Kanene! Kazito kama gunia!" na chumba kizima kikavuta pumzi, maana kwao mtoto hasifiwi hivyo hivyo, asije akapatwa na kijicho. Hodan akamnong'oneza, "Sema mashallah, bibi." Mama Sespina akapiga "Mashallaaah!" kwa sauti ile ile ya msibani, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo, na mtoto akaamka analia.

Hapo ndipo Mama Hodan alipocheka. Alicheka mpaka akampa mtu mwingine mtoto. Halafu akaja akasimama mbele yangu.

"Abaayo. Nimesikia yote uliyosema getini."

Nikatazama vidole vya miguu yangu. Kosa la arobaini ningeweza kulivumilia, mtu anaweza kukosea neno. Lakini lile la kujificha nisimwambie karibu, lile lilikuwa kweli, na nilikuwa nimelisema kwa sauti mbele ya watu kumi.

"Nisamehe," nikasema.

"Hodan alikwambia ujiandae?"

"Alisema."

"Unajua ujiandae nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Mwanamke akitoka siku ya arobaini, anapelekwa nyumba ya ndugu yake. Mguu wa kwanza unakanyaga huko, yeye na mtoto. Ndugu zangu wako Garisa, Kenya." Alisema taratibu, Kiswahili chake siku hizi kimenyooka kuliko changu. "Ayeyo aliniuliza, hapa Kasulo una ndugu gani? Nikasema Jeni."

Leonsia aliyekuwa nyuma yangu akaanza kulia upya, safari hii bila kelele.

Ningependa kusema tulitoka pale moja kwa moja tukaenda nyumbani kwangu. Lakini nyumba nilikuwa nimeifunga, moto nimeuzima kwa maji, chakula chote nilichokuwa nacho kiko kwenye debe ambalo Mama Sespina alikuwa amelikalia. Na Ayeyo alikataa katakata. Nyumba ambayo mwenyewe ametoka akilia kifo, alisema, mtoto hatapelekwa leo. Sikumlaumu, ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Mama Hodan akapelekwa kwa mmoja wa wale wanawake sita, mwenye chumba cha kupanga nyuma ya kituo cha mafuta, mtu waliyefahamiana miezi miwili. Mimi nilibaki uani kwao nikisaidia kuosha vyombo, na maharage yetu yakapokelewa, na lile dumu la getini, tulipotoka, lilikuwa tupu. Mzee Bonifasi anasema ni madereva wa maroli. Sina la kuongeza.

Siku hizi nauliza. Nimekuwa mtu wa kuudhi kwa kuuliza. Mtu akiniambia fulani ametutoka, namuuliza ametutoka kwenda wapi. Nimejifunza pia kwamba kuna maneno mazuri tunayowawekea watu mpaka wafe, tukidhani tunawaheshimu, kumbe tunawanyima, na mimi mwenyewe isingekuwa ujinga wangu ningekwenda nayo kaburini, langu au lake.

Lakini kujifunza ni kitu kimoja. Pale getini, kabla hajapanda gari na mtoto wake, Mama Hodan aliniambia, "Ya leo imepita, hairudi. Lakini umesema ungenipikia hivyo hivyo, na udongo wako. Nimesikia mimi, amesikia Ayeyo. Una deni la mguu wangu." Nikasema nitamwita wiki ile ile. Wiki ile mvua ikatoboa paa upande wa jikoni. Iliyofuata nikaona afadhali nisawazishe sakafu kidogo, si saruji, udongo tu, upate kukaa vizuri. Kisha nikasikia kuku lazima achinjwe na Mwislamu na sikujua nimwombe nani bila kumwomba mumewe, na mtu hamwombi mgeni aje na mchinjaji wake. Mtoto ameanza kukaa mwenyewe sasa, wananiambia. Na jana Hodan alikuja kuchukua ndizi, akasimama mlangoni, macho chini, akasema shikamoo shangazi Jeni, mama anauliza umeshamaliza kujiandaa.