Nilivyozima Wimbo wa Mwisho wa Kulwa na Doto

Nimefanya jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Bendi ya Kulwa na Doto, hapa Ng'ambo, ina miaka sita ya magitaa ya kelele na kufukuzwa kumbini. Jumapili mama yao, mjane wa mrina asali, alikuja kuwasikiliza kwa mara ya kwanza. Mimi nilisimamia spika.

Wimbo wa mwisho ukaanza kwa mvumo mzito, nikajua spika zimekufa. Kusema kweli, hakuna aliyenituma. Niliogopa wataaibika mbele ya mama. Nikachomoa waya.

"Kaka, vipi tena?" Doto akauliza.

Mama alikuwa amefumba macho. Akayafumbua, akanitazama.

"Mwanangu, mbona umewanyamazisha nyuki wa marehemu baba yao? Ndiyo kwanza nilikuwa nimefika naye kwenye mizinga."