Mtoto wa Mpima Macho

Mtaani walimwita Macho Manne, kwa miwani yake minene kama kitako cha chupa. Hakununa. Alikuwa na duka la kupima macho, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na jina hilo lilimletea watu. Zamani walikuja wazee walioshindwa kusoma gazeti. Miaka ya karibuni wakaanza kumiminika wanafunzi na makarani wa kompyuta, wakifikicha macho mekundu. Kufa kufaana, wahenga hawakukosea.

Akina mama wa wanafunzi hao aliwasema bila huruma. "Simu si yaya, dada yangu! Mwache mtoto acheze nje, atazame mbali."

Na nyuma ya pazia, juu ya kigoda, binti yake wa darasa la nne alikuwa ameinamia simu, pua inakaribia kugusa kioo. Baba mtu ndiye aliyempa, kila alipotoka shule, ili wateja wahudumiwe kwa utulivu. Nyani haoni kundule. Roho ikimsuta, alimsimamisha mbele ya chati ya herufi, na mtoto aliisoma hadi mstari wa chini bila kukwama. "Macho ya mwewe!" baba alijigamba, akarudi kazini ameridhika.

Jumatatu moja aliitoa chati hiyo iliyochakaa, akabandika mpya yenye herufi nyingine. "Njoo utuzindulie, mwanangu," alimwita kwa mzaha.

Binti akasimama kwenye alama, akaziba jicho moja kwa kiganja, akasoma harakaharaka, mstari baada ya mstari. Zote zilikuwa herufi za chati ya zamani.

Macho Manne akaelewa. Kila siku baada ya shule mtoto alisikia wateja wakizitamka herufi zile, angezikosaje? Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu hata mwanawe hakumganga. Aibu ikamshika. Alimkalisha kitini akampima upya, akibadilisha lenzi, kila moja kali kuliko iliyotangulia.

"Tangu lini huoni mbali, mama?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu darasa la pili."

"Miaka miwili! Mbona hukuniambia?"

Binti aligeukia upande wa benchi, ambako watu walikuwa wakisubiri zamu.

"Nilikuja kukwambia, baba. Ukasema una wateja, ukanipa simu."