Kichwa Uriri, Miguu Muhuru Bay

Siku ile walikuwepo baba mkubwa wa Uriri, aliyekuja na kiti chake mwenyewe. Baba mdogo wa Lambwe, aliyekuja na gunia tupu. Baba mdogo wa Muhuru Bay na mkewe. Shangazi, aliyelia kwa sauti mpaka chai ikaiva. Mzee wa kijiji na daftari lake. Wadogo zangu watatu kwenye mkeka mmoja. Na mimi, niliyekuwa jikoni. Jogoo wetu pia alikuwepo, mpaka saa sita.

Walikuja kugawana vitu vya baba. Kwetu, mtu akishazikwa na matanga yakaisha, ndugu zake hukaa wakagawana nguo zake, kofia yake, fimbo yake, ili kila mmoja abaki na kitu cha kumkumbukia. Ni desturi nzuri kwa marehemu mwenye makoti mengi. Baba alikuwa na koti moja, na tulimzika nalo. Alichoacha ni vifaa vya kazi. Alikuwa fundi wa viatu mjini Migori, na mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la saba, mwaka aliofariki mama, nikawa nashinda naye kibandani nikishona.

Basi wakagawana vifaa kama makoti. Cherehani ya viatu ina sehemu mbili: kichwa kinachoshona, na miguu ya chuma yenye kikanyagio na gurudumu. Baba mkubwa, kwa kuwa ni mkubwa, alichukua kichwa. Wa Muhuru Bay akachukua miguu. Wa Lambwe akatia guniani ule mguu wa chuma ambao fundi huuvisha kiatu anapopigilia misumari. Shangazi akapata nyundo na kisu cha kukatia ngozi. Mzee wa kijiji aliandika yote kwa mwandiko mzuri, akapewa brashi ya viatu kwa usumbufu.

"Na watoto?" niliuliza nikiwa mlangoni.

"Watoto tumewaachia kibao cha duka," alisema baba mkubwa. "Kina picha ya kiatu."

"Na sindano za mkono," akaongeza wa Lambwe, ambaye alikuwa mkarimu.

Hakuna aliyeiba, nataka hilo lieleweke. Waligawana kwa haki kabisa, na jioni ile hapakuwa na mtu hata mmoja katika ukoo wetu mwenye kifaa kinachoweza kufanya kazi.

Mwezi haukuisha kabla ya barua kuja. Mdogo wangu anayenifuata alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la nane, akaitwa kidato cha kwanza katika shule ya wasichana ya bweni. Nilikwenda kumwona mwalimu mkuu wa shule hiyo. Alinisikiliza vizuri, akanipa pole ya baba, halafu akaniambia nafasi itamngoja wiki tatu, baada ya hapo atapewa mtoto mwingine. Nilipotoka pale nilikuwa nimeshaamua kuuza cherehani na vifaa vyake vyote. Kilichobaki ni kuvikusanya.

Shangazi alirudisha nyundo na kisu siku hiyo hiyo bila neno, ndiyo maana sina cha kusimulia juu yake.

Uriri nilikikuta kichwa cha cherehani sebuleni, juu ya meza ndogo, kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, mahali ambapo watu wenye uwezo huweka televisheni. Viti vyote vilikuwa vimegeuzwa kukitazama.

"Mwanangu, ukikiondoa hapa wageni watatazama nini?" aliuliza baba mkubwa.

"Watakutazama wewe, baba."

Alilifikiria hilo, na naona lilimpendeza. Lakini akasema cherehani ya ukoo haiwezi kuuzwa na msichana. Lazima mauzo yawe na mwenyekiti, naye yuko tayari kujitolea. Nikakubali, nikaondoka na kichwa.

Lambwe, ule mguu wa chuma ulikuwa umefungiwa mbuzi.

"Nikikupa, mbuzi nitamfunga wapi?"

"Kwa jiwe, baba. Mawe yamejaa hapa."

"Mawe ya hapa si ya marehemu," alisema. "Kila nikimfunga huyu mbuzi namkumbuka ndugu yangu. Sasa wewe unataka nifunge mbuzi bila kumkumbuka mtu?"

Kwa hiyo nilirudi nyumbani, nikachagua jiwe uani kwetu, nikalibeba hadi Lambwe. Siku mbili ziliishia hapo. Baba mdogo alilipokea kwa mikono miwili, akauliza kama baba aliwahi kulikalia. Nikasema mara nyingi. Sikumbuki kama ni kweli.

Muhuru Bay nilifika kwa lori la omena, wale dagaa wa ziwani. Mke wa baba mdogo alikuwa ameweka ubao juu ya ile miguu ya cherehani, na juu ya ubao beseni la omena, na biashara ilikuwa nzuri. Baba mdogo akasema mambo ya meza hayamhusu.

"Mimi sina shida, binti yangu," alisema mama mdogo. "Ila ubao wangu hauna miguu yake."

"Nikikuletea kibao cha duka letu? Kile kina miguu yake miwili, ukiegemeza ukutani kinasimama."

"Rangi gani?"

"Njano."

"Lete."

Nikaenda, nikaleta. Kwa miaka kadhaa watu wa Muhuru Bay walinunua omena juu ya picha ya kiatu cheusi cha kiume, na sijasikia aliyelalamika.

Nilipoiunganisha tena cherehani kibandani, wiki moja tu ilikuwa imebaki. Nikaita mafundi wote wa Migori. Walikuja, wakaizunguka, wakaisifu, wakaweka mikono mfukoni.

"Hii mashine mwenyewe namjua," alisema mmoja, aliyekaa jirani na baba miaka mingi. "Nikikanyaga hapo, mguu wangu uko juu ya mguu wake."

"Basi nunua kichwa tu."

"Kichwa ndicho kibaya zaidi. Alikuwa anaongea nacho."

Mwingine alisema siku hizi hata fundi ni bure: watu wananunua viatu vya mitumba, kikipasuka wanatafuta kingine. Mchungaji mmoja alijitolea kuiombea, na akaeleza kwamba baada ya maombi ingekuwa salama kabisa, hasa ikibaki kanisani.

Nikaona nitafute mji ambao baba hakujulikana. Tukaipeleka Homa Bay, mimi, cherehani na mwenyekiti, aliyekuwa amevaa tai.

Sokoni Homa Bay kulikuwa na mama mmoja mwenye sauti nene aliyeuza viatu vya mitumba vilivyomwagwa juu ya turubai. Nusu ya viatu vyake vilikuwa vimeachama mdomo. Nilimwambia nina cherehani. Alikuja, akainama, akanusa.

"Hii ilikuwa inashona viatu au samaki?"

Baba mkubwa akakohoa, akaanza historia. Akaeleza ilinunuliwa vipi na marehemu, akaeleza ukoo wetu ulikotoka, akawa anakaribia babu wa babu.

"Mzee," alisema yule mama, "mimi sitaki kuiposa. Inashona?"

"Inashona sana."

"Shona."

Mwenyekiti aliutazama uzi, akalitazama tundu la sindano, akanitazama mimi. Nikakaa. Nikachukua kiatu kimoja kwenye turubai, raba ya mtoto iliyoachia wayo, nikaizungusha chini ya sindano mpaka ikafunga mdomo. Yule mama aliivuta kwa nguvu zote. Haikuachia. Akanirushia nyingine, halafu nyingine.

"Sawa, nyar Migori," alisema, yaani binti wa Migori, na ndilo jina nililoitwa sokoni pale tangu siku hiyo. Akataja bei. Ilikuwa inatosha ada ya muhula, sanduku na godoro. Nilitaka kulia, lakini baba mkubwa akawahi kupokea.

Akahesabu. Akatoa nauli yake ya kuja, nauli yake ya kurudi, chakula cha mchana, na kitu alichokiita heshima ya kiti. Alichonipa hakikufika hata kwenye ada.

"Baba," nilisema, "zimebaki siku mbili."

"Ndiyo maana mauzo huwa na mwenyekiti, mwanangu. Bila mimi usingepata hata hizo." Akarekebisha tai, akaenda kutafuta samaki wa kukaanga.

Yule mama alikuwa ameyaona yote. Hakumsema. Aliuliza tu, "Huyo mdogo wako ana akili?"

"Kunizidi."

"Na mimi nimenunua mashine, lakini nani ataikanyaga?" Akaonyesha nyuma ya kibanda chake. Palikuwa na magunia manne ya viatu vilivyopasuka, yamefungwa kwa kamba. "Pungufu naongeza mimi. Wewe utanishonea haya manne. Ukimaliza, hatudaiani."

Nikakubali kabla hajamaliza kusema. Keshokutwa yake mdogo wangu aliingia getini na sanduku kichwani, siku ya mwisho kabisa, na nafasi yake ikaandikwa jina lake. Wale wadogo wawili niliwaacha kwa shangazi, nami nikahamia Homa Bay, nikapangiwa kona nyuma ya turubai.

Gunia moja lina viatu vingi kuliko linavyoonekana. Vingine havina mwenzake, na yule mama alitaka hivyo pia vishonwe, kwa sababu, alisema, mwenzake anaweza kuja kwenye gunia lingine.

Shule zilipofungwa mdogo wangu alishuka Homa Bay kunisalimia, sketi imepigwa pasi, anaongea Kiingereza na wateja. Akasimama akinitazama ninavyokanyaga.

"Dada, si uliiuza hii mashine?"

"Niliiuza."

"Sasa mbona bado uko juu yake?"

Nikamwambia aweke mkoba chini, ashike kiatu upande ule, uzi usilegee. Yalikuwa yamebaki magunia mawili na nusu.