Tishu za Maji na Mkono wa Mama

Mama yangu hakuwahi kuiamini karatasi. Nilipoanza kazi ya ushonaji Itigi, nikarudi nyumbani Mitundu na toilet pepa kwenye mkoba, alinicheka mbele ya wageni. "Ukikanyaga mavi ya kuku," aliniuliza, "utajifuta na gazeti halafu uingie kuswali?" Kwake usafi ni maji, na kopo lake la bati lilikaa mlangoni mwa choo miaka yote. Mimi nikajiona mtu wa mjini. Nilimwambia dunia imekwenda, yeye amebaki na kopo.

Kisha akapooza. Upande wote wa kulia ulikufa, na kusema kukaisha. Yalibaki macho na mkono wa kushoto. Kwa mkono huo aliomba uji, alifukuza nzi, alikubali na alikataa. Akitaka kitu alikigusa, asipokitaka alikisukuma. Mimi ni mtoto wake wa pekee, kwa hiyo nilifunika cherehani yangu nikarudi kumuuguza.

Nilirudi wakati wa kiangazi. Pampu ya kijiji ilikuwa imeharibika, foleni ya madumu kisimani ilianza kabla jua halijachomoza, na ukifika nyumbani na madumu mawili siku yako imekwisha. Mgonjwa wa kitandani lazima asafishwe mara nne au tano kwa siku. Nikaona nitumie akili. Nikanunua tishu za maji, zile za kufutia watoto, zenye harufu ya maua na picha ya mtoto mnene anayecheka. Kama ngozi ya mtoto mchanga inazistahimili, nilijiambia, ya mama itashindwaje? Kwa kumkaushia nilitumia toilet pepa ya pinki yenye marashi, kwa sababu sikutaka mama yangu anuke. Niseme ukweli, sikutaka wageni waseme ananuka.

Wiki ya kwanza nilivimba kichwa. Jirani yetu, mama wa Kikristo ambaye amekuwa rafiki wa mama tangu wote wawili ni wasichana, aliingia kumjulia hali, akavuta hewa, akasema, "Mwanangu, umemtunza kama bibi harusi." Nilimsimulia kila aliyepita.

Baadaye vikatokea vipele vyekundu, mapajani kwanza, halafu makalioni. Vikawa malengelenge, yakapasuka, yakatoa maji. Duka la dawa walisema ni fangasi, wakanipa dawa ya kupaka. Jirani akasema ni joto la mpira niliomtandikia, nikautoa. Hakuna kilichobadilika. Mimi kwa ujuaji wangu nikaamua kwamba ni uchafu, simsafishi vya kutosha. Nilipokuwa nikitumia tishu mbili, sasa nikatumia sita.

Hapo ndipo mkono wa kushoto ulipoanza kunisukuma. Alikuwa akisikia tu paketi inafunguliwa, mkono unainuka. Nilidhani ni aibu. Kwetu mzazi kuvuliwa nguo na mwanawe si jambo dogo, na mama alikuwa mtu wa haya kupita kiasi. Nilimbembeleza. "Mama, mimi si mwanao? Unamwonea haya nani?" Akasukuma zaidi. Siku moja alinikwaruza shavu, na hasira zangu, ambazo nimezirithi kwake yeye mwenyewe, zikanipanda.

"Unataka uoze?" nilimfokea. "Basi oza!"

Nikaushika ule mkono, nikaulaza kwenye godoro, nikaubana kwa goti langu mpaka nikamaliza kumfuta. Alinitazama tu. Kuanzia siku hiyo nikawa nafanya hivyo kila mara: goti kwanza, tishu baadaye. Nilishangaa jinsi kazi ilivyokuwa rahisi.

Vidonda vilipoanza kutoa damu nilikodi bajaji, nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko mimi. Alimwinamia mama akasema, "Shikamoo, bibi," akangoja, kana kwamba mama angeweza kuitikia. Kisha akamgeuza taratibu, akamwangalia, akaniuliza, "Dada, huwa unamsafisha kwa kitu gani?"

Nikatoa kwenye mkoba ile toilet pepa ya pinki, kisha paketi ya tishu. Niliitoa kwa maringo, niamini. Yeye akaigeuza, akasoma yale maandishi madogo ya nyuma ambayo mimi sikuwahi kujisumbua nayo.

"Hizi zinatiwa kemikali ili zisioze, maana zina unyevu muda wote," alisema. "Halafu kuna manukato. Wapo watu ambao ngozi yao inavikataa. Nadhani hii ni aleji. Ziache, na ile karatasi yenye marashi iache pia. Mwoshe kwa maji matupu, mkaushe kwa kitambaa cha pamba."

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Hukujua, dada."

"Zilikuwa zinamuuma?"

"Kwenye kidonda zinaunguza. Kama pilipili."

Hukujua. Kila mtu ananiambia hivyo, na jirani ananiambia huku akinipigapiga mgongoni. Lakini alikuwepo mtu mmoja aliyejua, akaniambia mara nne kwa siku kwa njia pekee aliyobakiwa nayo, na mimi nikamkalia. Sioni dua ya kulifuta hilo.

Nilizitupa paketi zilizobaki. Siku hizi nachota maji, hata kama ni kwa foleni ya nusu siku, na jirani hunisaidia dumu moja. Kwa dawa ya hospitali vidonda vilifunga, ngozi ikarudi. Wageni wanakuja, wanamwangalia, wanamshukuru Mungu kwamba mgonjwa ana nafuu.

Asubuhi ya kwanza ya maji nilichukua lile kopo lake la bati. Nilipasha maji moto kidogo, nikamwonyesha kopo ili ajue kwamba ameshinda. Nikapanda ukingoni mwa kitanda. Mkono wa kushoto ukainuka. Nikangoja unisukume, na Mungu ni shahidi, nilitamani unisukume. Haukunisukuma. Ulishuka polepole kwenye godoro, ukajongea mpaka mahali nilipopiga goti, ukalala pale na kiganja juu, ukingoja kubanwa.

Tangu siku hiyo haujasukuma kitu. Hata nzi akitua usoni anamwacha, na uji namnywesha bila yeye kuuomba. Kila asubuhi nauokota mkono wake, naurudisha kifuani, namwambia, "Mama, nikikuumiza nisukume. Nikwaruze hata macho." Ananisikiliza. Halafu anaushusha tena, anauweka palepale, chini ya goti langu.