Nati ya Nyuma Hairudishwi

Kuna siku moja ya gereji ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, na ninaikumbuka kwa hasira. Nimejaribu kuipoza kabla ya kukuandikia, imekataa. Wewe ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo ni mwanangu, hata kama umri wetu haujapishana sana na washikaji zako wanacheka ukiniita mama mdogo. Waache wacheke. Nimesikia umeanza kujifunza ufundi, nikaona nisikutumie hongera tupu.

Nilikuwa nimemaliza chuo, cheti cha uhandisi kiko kwenye bahasha, kazi hakuna. Mjomba Deo akaniita gereji kwake Milanzi. Wakati huo alikuwa akilifufua gari la Mzee Salum, yule mwenye malori. Lilikuwa gari la mbio la zamani, milango miwili, viti viwili. Mzee alilinunua akiwa kijana, kisha likalala chini ya turubai miaka mingi. Sasa mwanawe Nassoro alikuwa anaoa kule Milepa, na Mzee alitaka bwana harusi ashuke nalo bondeni, apande nalo na mke wake. Mlima ule unaujua. Kona juu ya kona, na upande mmoja hakuna cha kukushika ila upepo.

Ijumaa, kesho yake ndiyo safari, Mjomba alikuwa anamalizia magurudumu ya nyuma. Katikati ya kila gurudumu kuna nati kubwa inayolishika kwenye eksel, ule mhimili unaolizungusha. Ikilegea, gurudumu linacheza, meno ya eksel yanalika, na mwisho wake gurudumu linakwenda njia yake na gari njia yake. Nati hiyo ina mapengo kichwani, na eksel ina tundu. Unakaza kwa spana ya kipimo mpaka ilie kwamba imetosha, kisha unapitisha pini kwenye pengo na tundu ili nati isifunguke. Pengo lisipolingana na tundu, unakaza mbele kidogo mpaka lilingane. Mbele! Hurudishi nyuma.

Mjomba alikaza, spana ikalia, pengo halikulingana. Wakati huohuo wageni wakaingia uani: Mzee Salum, wanaume wa ukoo wake, na shehe, wamekuja kulisomea gari dua. Mjomba akawatazama, akaitazama nati, akairudisha nyuma. Pini ikaingia bila shida. Akapiga kifuniko juu yake, akaenda kunawa mikono.

Niliona kwa macho yangu, nimechuchumaa pembeni yake. Lakini unanijua mama yako mdogo, kichwa changu hakilali. Labda alitaka kuikaza upya. Labda nimeona vibaya. Labda magari ya zamani yana mambo yake. Nikamfuata bombani.

"Mjomba, ile nati umeirudisha."

"Imekaza hiyo."

"Si tungeisogeza mbele?"

"Mama, mimi nakaza nati wewe hujazaliwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Wahenga hawakuiacha methali ile ili mtu mzima ajifiche nyuma yake! Na guu lenyewe lisingekuwa langu wala lake, lingekuwa la Nassoro na binti wa watu.

Dua ikasomwa, ubani ukazungushwa kwenye gari, sote tukaitikia amina. Mimi Mkristo nimesimama pale na leso kichwani, naitikia amina huku nikiliangalia gurudumu. Walipoanza kupeana mikono, nikaenda kwa Mzee Salum.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti."

"Samahani mzee, nilikuwa nafikiri, sina hakika sana, ila inawezekana nati ya nyuma huenda..."

"Umeona au umefikiri?"

"Nimeona."

"Umeona nini?"

"Mjomba ameirudisha nyuma ili pini iingie."

"Sasa mbona unaongea kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyegombana naye?" Sauti yake ilipanda, wote wakageuka. "Mwanangu anashuka mlima kesho, wewe unanipa huenda!"

Kemeo lile lilinichoma, mwanangu, lakini lilikuwa langu kwa haki.

Kijana mmoja wa ukoo akacheka. "Injinia, umekosa mume, umekuja kuharibu harusi za wenzio?"

Mzee hakumtazama. Alikuwa anamtazama Mjomba, na Mjomba akaanza kujitetea: "Mzee, gari limeshaombewa. Tukilifungua sasa watu watasema ni nuksi."

"Dua tumemwombea Nassoro. Nati inataka spana."

"Lakini mzee..."

"Deo! Tumezika vijana wangapi waliofia barabarani, tukarudi nyumbani tunaambiana kazi ya Mungu haina makosa? Ya Mungu haina. Hii ni kazi yako wewe. Fungua."

Shehe akatikisa kichwa kukubali, akakunja mkono wa kanzu yake ili asogeze jiwe la kuzuia tairi. Mjomba akatoa kifuniko, akachomoa pini. Akaweka spana, na nati ikaenda kwa mkono mmoja, laini, kabla haijaanza kupinga.

"Ni kidogo tu," akasema.

Aliikaza mpaka spana ikalia, akaisogeza mbele hadi pengo lililofuata, akatia pini mpya. Gurudumu la pili likafunguliwa pia, lilikuwa sawa.

Nassoro alishuka, akapanda na mke wake, watu wakapiga vigelegele. Mjomba hakunisemesha mpaka mvua zikaanza. Mama zako wakubwa walikuja kwa zamu kuniambia nikaombe radhi, nimemwaibisha mtu mzima mbele ya wageni. Nikaombe radhi kwa lipi? Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na anayechelea mjomba kununa atalia na ukoo mzima.

Sasa nisikilize. Nati ya eksel ikaze gari likiwa chini, limebeba uzito wake, tairi zimezuiwa kwa mawe. Safisha meno yake kwanza. Tumia kipimo, usivute spana kwa bomba refu na nguvu za kifua. Pengo likikataa, nenda mbele. Pini ya zamani itupe. Pini iliyoingia kwenye nati iliyolegea ni uongo uliovaa vizuri, na anayepita hapo hawezi kuuona. Gari likishatembea kidogo, lisimamishe, uiangalie nati tena. Atakayekwambia unawaza sana, mwache, endelea kuangalia.

Na ukiona, sema umeona. Usizungushe maneno kama nilivyozungusha mimi. Msalimie mkubwa kwanza, piga goti ukitaka, kisha mwambie lile uliloliona, lote, kwa sauti anayoweza kuisikia. Wakikuambia huna adabu, vumilia. Utaonana nao kesho wakiwa hai.

Mungu akujalie mikono isiyoogopa kufungua kilichokwisha kufungwa. Akupe mzee wa kukukemea unapostahili, na moyo wa kumsikiliza. Na kila atakayepanda gari lililopita mikononi mwako, mwanangu, afike.