Mlenda Usioteleza

Unga wa kwanza niliouleta nyumbani kutoka bwawani, mama mkwe wangu aliupika mlenda. Nilikuwa nimeuacha ndani ya kopo, juu ya meza, nikaenda kufua. Niliporudi nilimkuta ameinamia chungu, anapekecha kwa nguvu zote, na uso wake ni wa mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

"Hauvuti," akaniambia. "Nimetia magadi, nimeongeza magadi, hauvuti hata uzi mmoja. Huu mlenda umezeeka."

"Mama, huo si mlenda."

"Ni wa kijani?"

"Ndiyo, mama."

"Umekaushwa kivulini, ukasagwa?"

"Ndiyo."

"Na wewe mwenyewe umeniambia kitu hiki kinaishi kwenye maji ya magadi."

"Nilisema, mama."

"Sasa kama si mlenda ni nini?"

Nimesoma mpaka darasa la saba, na yale niliyofundishwa bwawani nilikuwa bado sijayashika vizuri. Mtaalamu aliyekuja kutufundisha aliuita mwani mdogo. Alisema ni vitu vidogo mno, kimoja peke yake hukioni kwa macho, lakini vikiwa vingi maji yote yanageuka kijani kibichi. Kwenye pakiti tunaandika spirulina. Sisi watu wa Tabora mwani tunausikia redioni, kwamba akina mama wa Unguja wanaulima baharini. Ukimwambia mwanamke wa mtaani kwetu Mtendeni kwamba unalima mwani nyuma ya nyumba za Gongoni, kwenye vibwawa vya saruji ambavyo maji yake hayafiki gotini, atakuuliza kama una homa.

Mlenda lakini anaujua. Kwetu mlenda hupikwa kwa magadi, ndipo unavuta na kuteleza. Mama alifuata akili ya jikoni kwake, na akili hiyo ilikuwa imemlisha maisha yake yote. Siku ile tulikula hivyo hivyo, ugali wa uwele na mchuzi wa kijani usioteleza, wenye harufu kidogo ya samaki. Mama akala mpaka mwisho. Akaramba vidole.

"Unataka karanga," akasema.

Nilifurahi kuliko alivyojua. Ilikuwa ni mara ya kwanza kumwona anapika tangu tulipomzika mwanawe.

Mwanawe alikuwa mume wangu. Alifanya kazi ya kupima tumbaku kituo cha ununuzi huko Urambo, na kila alipopanda treni kuja nyumbani harufu ya tumbaku ilitangulia mlangoni. Alikuwa mtu wa chai tamu. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na alijua, na vidonge alipewa. Akavinywa, akajisikia vizuri. Alipojisikia vizuri akaona vidonge havina kazi tena, akahamia kwenye mizizi michungu aliyouziwa na mtu sokoni. Kidonda cha mguuni kilipokuja, hakikukubali kupona. Sina zaidi ya hilo la kusema juu yake. Alikuwa mtu mzuri na kifo chake kilikuwa kirefu.

Siku ya mazishi, wakati watu wamekaa uani na huzuni imewabana, mtani wetu alitoka ndani amevaa kofia ya pama ya marehemu. Huyu ni mwanamke wa Kizaramo, jirani yetu, baba yake aliletwa huku na kazi ya reli. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwa miguu kutoka huku mpaka Pwani, na wa kwao wanawapokea, wanawapa pa kulala, wanawacheka miguu ilivyopasuka. Mpaka leo mtani ana ruhusa msibani. Anaweza kuziba mlango jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Anaweza kumwiga marehemu, na hakuna wa kumkasirikia.

Basi akavaa ile kofia, akatembea kama mume wangu alivyokuwa anatembea, bega moja chini, akaja mpaka kwenye birika la chai ya waombolezaji. Akaonja, akatema.

"Nimekufa nimewaachia nyumba," akasema kwa sauti ya marehemu, "na sukari mmeshindwa kutia?"

Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mama mkwe pia alicheka. Mimi sikucheka, ila nilijimiminia chai, nikanywa.

Mtani huyo huyo ndiye aliyenipeleka bwawani. Tanga lilikuwa limekwisha na mimi nilikuwa sitoki ndani. Kikundi cha akina mama wa kanisani kilikuwa kimeanza ule ukulima wa mwani, yeye akiwa mmoja wao ingawa kanisani haendi. Akaja akasimama mlangoni.

"Njoo ukakoroge maji," akasema. "Ukilia pale hakuna atakayejua. Maji yenyewe yana chumvi."

Nikaenda. Na kweli nililia pale, mara nyingi, na hakuna aliyeniuliza. Kazi yenyewe ni ya utulivu. Asubuhi unafunua nailoni, unakoroga taratibu kwa mti ili kila sehemu ipate jua. Jua la Tabora halitunyimi kitu. Maji yakikolea rangi tunayachota, tunayachuja kwenye kitambaa cheupe, na kitambaani kinabaki kitu laini kama rangi nzito ya kupaka milango. Tunakikamua, tunakikausha kwenye vichanja vyenye kivuli, tunakisaga. Mikono inabaki ya kijani. Nilianza kulala usingizi.

Mama mkwe naye ana sukari, kama mwanawe. Baada ya msiba alikuwa anakula matobolwa na chai tamu, basi. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na ni vitamu kweli, lakini mwenye ugonjwa ule hawezi kuvifanya chakula cha asubuhi, mchana na jioni. Muuguzi wa kliniki alimwonya. Mama akamjibu kwa heshima kwamba amesikia, tukarudi nyumbani akaomba matobolwa.

Huo unga ndio uliombadilisha, au niseme kuupika ndiko kulikombadilisha. Alipogundua kwamba unataka karanga, alirudi jikoni kwake kabisa. Akaagiza nsansa, yale majani makavu ya kunde, akayapika kwa karanga, na chungu kikishaepuliwa anatia kijiko cha unga wa kijani na kukoroga. Ugali ukarudi, wa uwele, wa kiasi. Matobolwa yakabaki ya siku ya wageni. Jumapili moja alikwenda ibadani na midomo ya kijani, na mtani akamngojea njiani.

"Mnyamwezi, leo umekula majani ya nani? Mbuzi wa watu wanalala njaa!"

"Afadhali mimi nakula majani. Wewe ukikosa nazi unakula ngoma."

Wakaachana wanacheka, kila mmoja upande wake.

Kliniki iliyofuata sukari ya mama ilikuwa imeshuka. Sijui kama ni unga, au ni nsansa, au ni kuacha chai tamu, au ni vidonge ambavyo nilikuwa namkumbusha kila asubuhi. Nilimwuliza muuguzi, naye alisema hajui. Nilimpenda kwa kusema hajui. Alilitazama lile kopo nililokwenda nalo, akasema ni chakula kizuri, kina protini, na wataalamu wanaendelea kuuchunguza kwa habari ya sukari na mafuta kwenye damu, lakini hakuna wa kuacha vidonge kwa ajili yake. "Vidonge viendelee, bibi," akamwambia mama. "Na huu unga kila ukija utuambie kama bado unaula."

Mama alisikia neno moja tu. Imeshuka.

Siku chache baadaye niliona vidonge havipungui. Nilidhani amesahau, nikamletea na maji. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya karanga.

"Hivyo nimeviacha," akasema, tena kwa furaha. "Dawa ninayo. Umeikoroga wewe kwa mikono yako. Ya hospitali ya nini tena? Najisikia vizuri."

Aliponiambia maneno hayo ya mwisho nilikaa chini. Mume wangu alikuwa ameyasema vile vile, mahali pale pale, na uso ule ule, maana walifanana. Na mama alikuwa ananisifu. Alikuwa anafikiri ananipa zawadi.

Sikubishana naye. Mtu anaweza kunishangaa, lakini mkwe kwetu hamwinulii sauti mama wa mumewe, na mimi sijui kusema neno zito kwa sauti ndogo. Nilisema, "Mama, muuguzi alisema," akasema, "Muuguzi ni mtoto." Nikanyanyuka nikaenda bwawani.

Mtani alinitazama ninavyokoroga.

"Leo unasonga ugali wa harusi? Utawaua hao wadudu wako."

Nikamweleza. Halafu akauliza kitu kimoja tu.

"Zile khanga zake mpya anaweka wapi?"

"Kwenye sanduku, chini ya kitanda. Kwa nini?"

Akaweka mti wake chini, akaondoka.

Alasiri nilikuwa nyumbani naanika nguo niliposikia kilio kinatoka njiani. Kilio chenyewe, cha msiba. Majirani wakatoka. Mtani akaingia uani amejifunga khanga kiunoni, mikono kichwani.

"Yalaa! Mtani wangu jamani! Kaniacha!"

Mama akaruka kigodani, karanga zikamwagika. "Nani? Nani kafa?"

"Wewe!"

"Mimi niko hapa!"

"Wote husema hivyo." Akampita, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na khanga za mama zote begani na sufuria kubwa kichwani. "Nachukua changu mapema, kabla ndugu zako wa Urambo hawajashuka kwenye treni. Wabeba mizigo nyie mtabeba mpaka mlango."

"Mzaramo, rudisha sufuria yangu!"

"Tangu lini maiti akadai sufuria?"

Majirani walikuwa hoi. Mama mwenyewe alikuwa amekasirika na amecheka kwa pamoja, anamvuta mtani khanga, mtani anazungukazunguka uani. "Haya, nani atalia na mimi? Huyu bibi amekufa akijisikia vizuri! Vizuri kabisa! Vidonge vipya, havijaguswa, vitamfaa nani?"

Mama aliacha kuvuta.

Mtani naye alisimama. Akashusha sufuria, akaikalia mbele ya mama, pumzi zikimpanda. Majirani, kwa adabu, wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

"Mtani," akasema taratibu, "mwanao nilimvalia kofia hapo mlangoni. Nilichekesha watu, nikaenda kulia kwangu mpaka mume wangu akaniogopa. Sitaki kuvaa khanga zako. Ni mbaya, na mimi ni mnene."

"Lakini sukari imeshuka," mama akasema.

"Imeshuka, ndiyo. Mtani, ule unga uliupika au uliumeza na maji?"

"Niliupika."

"Kwa karanga?"

"Kwa karanga."

"Ukala na ugali. Nani alisema ni mlenda?"

Mama aliokota karanga moja. "Hauvuti," akasema.

"Hauvuti, lakini nani alisema?"

"Mimi nilisema."

"Basi ni mboga. Mboga nzuri, na mimi naikoroga na mkweo ili watu wale. Lakini nionyeshe Mnyamwezi mmoja, tangu babu yenu wa kwanza alipotua mzigo, aliyekula mlenda akairudishia hospitali dawa."

Mama aliangalia karanga zilizomwagika. Aliangalia mlango, pale aliposimama mwanawe akiwa amevaliwa na mtu mwingine. Nilikuwa bado nimeshika nguo mbichi, maji yananidondokea miguuni.

"Mwanangu," akaniita, "niletee maji ya kunywa."

Nikaleta maji na vidonge. Akameza mbele yetu, akafungua mdomo kumwonyesha mtani kama mtoto, na mtani akauchungulia.

"Kijani tupu," akasema.

Pale bwawani wanunuzi wanatuuliza kila siku, hii ni dawa ya sukari? Baadhi ya wenzangu wangependa tuseme ndiyo, maana tungeuza zaidi, na sina ugomvi nao. Mimi nikiwa mezani nasema ni mboga. Nawaambia watie kwenye nsansa, kwenye uji wasioutia sukari, chungu kikishaepuliwa, na vidonge vyao waendelee navyo. Wengine wanacheka, wengine wanaondoka, wengine wanaomba kijiko waonje.

Mume wangu bado namlilia, lakini si kila ninapokoroga. Siku nyingine nakumbuka nimemaliza kibwawa kizima nikiwaza tu jua.

Khanga mtani alizirudisha jioni ile ile. Sufuria alikataa, akasema mtani haondoki msibani mikono mitupu, awepo maiti asiwepo. Kwa hiyo asubuhi, nikiwa nafunga khanga niende kazini, mama hutoka uani na kikombe cha maji, humeza vidonge vyake, kisha huinua shingo juu ya ua.

"Mzaramo! Nimemeza! Lete sufuria yangu!"

Na kutoka upande wa pili, katikati ya kelele za kuku, sauti hujibu:

"Bado sijaamini! Kesho!"