Mwaka Niliopoteza Sauti

Nilipozinduka baada ya upasuaji wa goita shingoni, nilijaribu kumwambia muuguzi kwamba nasikia kiu. Midomo ilicheza lakini sauti haikutoka, ila pumzi tu. Daktari alinieleza kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti ulikuwa umejeruhiwa. Huenda sauti ingerudi baada ya miezi, huenda isirudi kabisa.

Nilikuwa mwalimu wa Gredi ya Nne huko Manyatta, na Jumapili niliongoza kwaya ya kanisa letu mjini Embu. Sauti ndiyo iliyonilisha, na ndiyo niliyomtolea Mungu. Mwalimu mkuu alinipa kazi ya kupanga vitabu stoo. Kwaya ikapata kiongozi mwingine, binti niliyemfundisha mwenyewe. Siku ya kwanza kumsikia akianzisha wimbo, nilitoka kanisani kabla ya mahubiri.

Sikuweza kutulia. Nyumbani kwangu mtaa wa Majimbo nilianza kuosha vyombo nikaviacha na povu, nikatoka, nikazunguka mitaa, nikarudi, nikatoka tena. Watu waliponisalimu niliinua mkono tu na kuongeza mwendo. Moyoni nilikuwa nagombana na Mungu. Kuna watu wanaotumia sauti zao kusengenya, mbona hakuchukua za hao?

Siku moja mchungaji wetu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alinipata njiani.

"Mwalimu, kesho twende Karurumo. Kuna mama amefiwa na binti yake wa pekee."

Nilijielekezea kidole kooni, kumkumbusha.

"Najua," akasema. "Twende tu."

Tulikwenda akina mama saba. Wenzangu waliimba, wakaomba kwa zamu kwa sauti kubwa, wakamwambia yule mama asilie kwa sababu binti yake yuko mahali pazuri. Yeye alikuwa ameketi kwenye gunia mlangoni, akichambua ndengu katika ungo. Mwishowe aliinua uso.

"Asanteni. Sasa nendeni," alisema kwa Kiembu. Kisha akanielekezea kidole. "Huyu ambaye hajaniambia kitu, abaki."

Niliogopa. Mchungaji aliniangalia, akaitikia kwa kichwa, wakaondoka. Nikaketi kwenye gunia, nikavuta ungo kidogo upande wangu, tukachambua pamoja. Kila mara nilitaka kusimama. Miguu ilikuwa imezoea kukimbia.

"Tangu tumzike nimemtukana Mungu kila asubuhi," akasema ghafla. "Unafikiri bado ananitaka?"

Nilifungua mdomo. Hakusikia. Akasogeza sikio lake karibu kabisa na midomo yangu, nikarudia kwa mnong'ono:

"Mimi pia nimemtukana."

Aliondoa sikio, akanitazama usoni. Kisha akacheka, kicheko kikavu kilichogeuka kilio, nami nikalia naye, ndengu zikamwagika mapajani mwetu. Tulipomaliza kuziokota aliniomba niombe, na akaweka sikio pale pale. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka tu kwamba kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi sikutamani kuondoka mahali nilipokuwa.

Nilirudi kila Jumamosi. Mchungaji akaanza kunituma kwa wengine pia, wagonjwa na wafiwa, na wote iliwabidi wainame ili wanisikie. Baadhi yao waliniambia mambo ambayo hawakuwahi kumwambia mtu.

Sauti ilirudi polepole, nzito na yenye mikwaruzo. Nimerudi darasani, na kwenye kwaya nasimama nyuma na wale wa sauti ya chini. Siwezi kusema Mungu aliniumiza ili anifundishe. Swali la kwa nini alichukua sauti yangu bado hunitoa nyumbani jioni nyingine nikazunguka mtaa. Lakini najua alikuwa nasi kwenye lile gunia.

Mwaka uliofuata, Jumapili moja, yule mama wa Karurumo aliingia kanisani kwetu katikati ya wimbo na kuketi benchi la mwisho. Hakuimba. Nilishuka kutoka kwenye kwaya, nikaenda nikaketi karibu naye.